Mianzi ya Nyuma ya Jiko

Baba mkwe wangu nilimfahamu kwa kikohozi chake na kwa miguu yake. Kikohozi kilikuwa kifupi, cha kusafisha koo tu, na alikitoa kila alipokaribia pembe ya nyumba ili nipate nafasi ya kuondoka. Miguu niliiona pale nilipochelewa, nikawa nimechuchumaa kando ya njia na kanga usoni: katambuga za tairi la gari, vidole vikubwa vilivyopinda, na kovu la jembe juu ya kifundo cha kushoto. Niliishi naye kaya moja miaka kadhaa, nikampikia, nikamzalia mjukuu, na bado ungeniuliza macho yake yakoje ningeshindwa kukujibu.

Kwetu Rungwe ndivyo tulivyolelewa. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hapiti anapopita, wala hatamki jina lake. Siku naolewa mama yangu alinisindikiza na mafundisho mengi. Mengine nimeyasahau, hilo sikulisahau. Hata leo jina la mzee yule silitamki, na nikishaficha lake naona haya kutaja ya wengine, kwa hiyo msiniulize majina.

Nilikoolewa ni Iringa, milima ya upande wa Kilolo. Mume wangu nilimpata wakati barabara kubwa inajengwa. Alikuja kwetu na genge la vibarua, akaondoka na mke. Kwao Wahehe heshima kwa wakwe ipo, lakini si ya kujificha nyuma ya kihenge cha mahindi. Mawifi zangu walinicheka sana. "Kwani baba kamfanya nini mpaka anamkimbia?" walikuwa wakiulizana mbele yangu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mara nyingine niliwajibu vibaya.

Aliyekizima kicheko ni mzee mwenyewe. Alimwambia mama mkwe, naye akanifikishia: "Baba yako kasema, kama kwao ni hivyo, na hapa iwe hivyo. Yeye ndiye atakuwa anakohoa." Mtu mzima, mwenye mji wake, akakubali kupiga hodi katika uwanja wake mwenyewe kwa ajili ya msichana wa kabila jingine. Nilimpenda tangu siku hiyo, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Wakati huo tuliishi juu kilimani, kila kaya na shamba lake, moshi wa jirani unauona kwa mbali. Mianzi yake ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, ilikuwa chini bondeni, mbali na nyumba yoyote, pale alipoipanda baba yake. Kwa Iringa hakuna asiyeijua kazi ile. Mvua zikianza, mianzi inatoa vichipukizi, mgema anakata ncha asubuhi na jioni na kukinga maji yake matamu kwa kikombe cha mwanzi kinachoitwa mbeta. Lakini mzee huyu aliisoma mianzi kabla ya kuigema. Vichipukizi vikitokeza wakati ardhi bado kavu, alisema mvua iko karibu, tupande. Vikikawia, alisema tusubiri. Majirani walimpitia wakiuliza, "Mianzi inasemaje?" Naye hakujibu ovyo, maana alijua mbegu za watu zinategemea mdomo wake. Miaka mingi alikuwa amepatia, na kupatia huko ndiyo ilikuwa mali yake.

Katikati ya miaka ya sabini tukahamia kijiji cha pamoja. Nyumba za kilimani ziliezuliwa, tukashuka bondeni, tukapangwa mistari iliyonyooka kando ya njia ya lori. Sitasema mengi juu ya hilo. Wapo waliofurahia shule na zahanati, wapo waliolia. Baba mkwe hakulia, alinyamaza. Mtu aliyekuwa akiimba anaponoa panga sasa alikaa mbele ya nyumba mpya akitazama kilima. Mama mkwe aliniambia hali chakula vizuri na hacheki tena.

Faraja yake ilikuwa moja, kwamba mstari wetu wa nyumba ulipita jirani na ile mianzi. Majiko tuliyajenga nyuma ya nyumba, na kichaka cha mianzi kikawa pale pale nyuma ya majiko. Mianzi haikuwa imehama. Sisi ndio tuliohamia kwake, na sidhani kama kuna mwanamume aliyelifikiria hilo.

Bwana afya alipokuja kukagua, alikataza maji machafu yasimwagwe mbele ya nyumba, kwa sababu ya nzi na mbu. Kule kilimani tulimwaga popote. Sasa wanawake tukaulizana, tuyapeleke wapi? Jirani yangu akamwaga kwenye mianzi, ardhi ikameza, nami nikafuata, na mstari mzima ukafuata. Maji ya vyombo, maji ya kufulia, na kwangu mimi maji ya kumwogeshea mtoto asubuhi na jioni. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mchanga bado, mjukuu wa kwanza wa mzee. Kiangazi kizima mianzi ile ilikunywa maji yake ya kuoga.

Wanaume hawakuwa na shughuli nyuma ya majiko. Na baba mkwe ndiye hakupita huko kabisa, kwa sababu yangu, maana alijua ndiko ninakoshinda. Alipotaka kuitazama mianzi alizunguka kwa chini, upande wa mto, ambako ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Alisimama mbali, akakohoa, nami nikaingia jikoni na beseni langu hata kama limejaa. Nikishajua ameondoka, natoka, namwaga. Heshima aliyonipa ndiyo iliyomzuia asione. Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Mkutano wa kupanda uliitwa mwezi wa kumi na moja, mwishoni mwa mstari wetu wa nyumba, jua bado kali. Bwana shamba alikuwa kijana wa kutoka kaskazini, mpole, mwenye baiskeli na kofia ya jua. Alisimama akasema redio imetangaza mvua zitachelewa, na zikija zitakuwa pungufu. Akaomba watu wasipande kwenye vumbi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, kufukia mbegu kwenye ardhi kavu kabla ya mvua ya kwanza ili mahindi yawahi kuota.

"Mwaka jana ulituambia nini?" mzee mmoja akamuuliza.

"Niliwaambia tuwahi, mzee."

"Tukawahi. Mvua ikaja?"

"Ilichelewa."

"Basi wewe ukisema itachelewa, sisi tunanoa majembe."

Watu walicheka mpaka wengine wakalala kwenye nyasi. Mwingine akadakia, "Hao wataalamu wako Dar es Salaam. Mvua ya huko wanaijua. Ya kwetu hii wanaionea dirisha gani?" Kijana alicheka nao, lakini hakukaa chini. Alisema hata yeye hana hakika, ila akinyamaza na mbegu zikaungua watamuuliza alikuwa wapi. Mwalimu wa dini akamuunga mkono. Mama mmoja akasema kwa nini tusipande nusu na nusu ibaki jikoni juu ya moshi. Vijana wakamzomea, wakisema huko ni kumwamini Mungu kwa mguu mmoja. Kelele zikapanda. Siku hizi naishi Mbeya mjini, hapa mtaa wa Soweto, na jioni nawasikia watu wakibishana juu ya redio na mabadiliko ya tabianchi, kila mmoja ana uhakika wake. Wakianza kucheka, mimi naondoka pale barazani. Wanadhani ni uzee.

Kule kilimani kila kaya ilipanda kwa akili yake, na aliyekosea aliomba mbegu kwa aliyepatia. Sasa mwenyekiti alitaka kijiji kizima kianze siku moja, kwa neno moja. Akamgeukia baba mkwe.

"Mzee, mianzi inasemaje?"

Aliposimama, mimi nikageuka. Nilikaa nyuma ya wanawake wenzangu, mgongo kwa mkutano na mtoto mapajani, kama ilivyonipasa, na kwa kugeuka huko uso wangu ukaangalia nyuma ya majiko. Nikamsikia akisema, "Mianzi imetoa vichwa. Imewahi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Mvua ipo mlangoni." Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kilimani, nene na yenye furaha. Na mbele ya macho yangu palikuwa na ardhi nyeusi kuzunguka mianzi, na povu la sabuni bado halijakauka.

Nilijua pale pale, na sikuweza kusimama. Hata kama ningekuwa binti wa palepale, kumkatalia mzee mbele ya kijiji lisingekuwa jambo dogo. Mimi hata sauti yangu hakuwahi kuisikia.

Nilimwambia mume wangu tukitoka mkutanoni. Alicheka kwanza, kisha akakasirika. "Nikamwambie baba mvua yake ni maji ya masufuria? Ameshasema mbele ya watu. Wewe unanitafutia laana." Nikamwendea mama mkwe. Yeye hakucheka. Alikwenda nyuma ya jiko, akachota udongo, akaufinya, maji yakachuruzika kati ya vidole vyake. Akasema, "Nitamwambia."

Hakumwambia. Asubuhi nilimkuta amekaa jikoni na mikono mapajani, na huko mbele ya nyumba tulimsikia mzee akinoa jembe na kuimba. "Mwanangu," akaniambia, "tangu tushuke huku sijamsikia akiimba. Nikamnyang'anye na hiyo? Pengine mvua itakuja tu." Nilimkasirikia. Leo nimekuwa mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, na hasira imekwisha, nimebaki na huzuni tu.

Tulipanda. Kijiji kizima, mistari mirefu ya watu na majembe, vumbi mpaka kwenye kope. Mahindi ya mbegu yaliyokuwa yametundikwa juu ya moshi yalishushwa na kupukuchuliwa yote, maana mzee amesema. Jioni moja mawingu yakakusanyika, mvua ikanyesha, na kesho yake ikanyesha tena. Wanawake tulipiga vigelegele. Watu walikuja kumshika mkono mzee, na bwana shamba akaja pia na baiskeli yake, akasema, "Mzee, nimekubali." Hata mimi nilikubali. Nilijiambia mianzi inajua mambo yake, na maji yangu hayahusiki.

Mahindi yakaota. Yalipofika urefu wa kidole, mawingu yakaondoka na hayakurudi. Majani yalijikunja mchana na kufunguka jioni, kisha yakawa hayafunguki. Yakageuka rangi ya majivu. Kila asubuhi watu walisimama kwenye mashamba yao bila jembe, wakitazama chini. Hakuna aliyekuwa na mbegu ya kurudia isipokuwa kaya chache zilizomsikiliza yule kijana kimyakimya, na hizo nazo zikaanza kufunga milango.

Siku moja katika jua lile nilikuwa nimeinama kwenye mianzi na beseni la maji ya mtoto, nikimwaga taratibu yasinirukie. Sikusikia kikohozi. Nadhani alikuja akiwa na mawazo, akitaka kuiuliza mianzi kwa karibu imemfanyia nini, akasahau. Nikaona zile katambuga na lile kovu. Nilianguka magotini, nikavuta kanga usoni. Beseni likalala upande, maji yaliyobaki yakatambaa kati ya vichipukizi na kuzama. Vichipukizi vyenyewe vilikuwa virefu, vya kijani, vimenona, mahali ambapo kila kitu kingine kilikuwa kimekufa.

Kisha akasema nami, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Tangu lini, mwanangu?"

Mama yangu alinifundisha nisiseme naye. Hakunifundisha nifanye nini akiniuliza. "Tangu tuhamie, baba."

"Wewe tu?"

"Wote, baba. Mstari mzima."

Miguu haikusogea. Niliona vidole vikijikunja juu ya lile tairi. Nilingoja anikemee, na ningefurahi kukemewa. Badala yake alirudi nyuma, akazunguka pembe ya jiko, na kutoka huko nikasikia kikohozi, kile kile kifupi cha siku zote. Alikuwa ananipa nafasi ya kuingia ndani. Niliingia, nikalia mpaka mtoto naye akaanza kulia.

Mkutano wa pili haukuwa na kicheko. Kila mtu alikuja na sababu yake. Wengine walisema ni miti tuliyokata kujenga kijiji, wengine wakasema ni dhambi, mwenyekiti akasema ni uvivu. Bwana shamba aliulizwa akasema hajui, na alionekana anataka kulia. Kisha vijana wakamtaka mzee ajibu. Nilikaa nimegeuka kama kawaida, nimembana mtoto kifuani, maana nilijua angekuwa na neno la kujiokoa. Angesema tu kwamba wanawake walimwagilia mianzi, na kijiji kizima kingetugeukia sisi, na wa kwanza kabisa angekuwa mkwe wa kutoka Rungwe.

"Mianzi haina kosa," alisema. "Ni mimi nimeisoma vibaya. Macho yamezeeka. Msiniulize tena habari ya mvua."

Mama mkwe alinishika mkono akaubana. Mzee alikuwa ameshamwambia atakalosema, nikajua. Nyuma yangu mtu alimtukana mzee, tusi ambalo kijana hamtolei mtu wa umri ule, na hakuna aliyemkanya. Wiki hiyo vijana walikuja na mapanga wakaifyeka mianzi yote, wakachoma mashina. Yeye alikaa mbele ya nyumba, akaacha wafyeke.

Mvua ilikuja baada ya mwaka mpya, ikakuta mashamba hayana kitu. Tukaishi kwa unga wa msaada, ule wa mahindi ya njano ambao watu waliuita yanga, tukipanga foleni na mifuko. Sahani ya mzee nilipakua mimi, akaipeleka mama mkwe, na mara nyingi ilirudi nusu. "Baba kasema ameshiba," aliniambia. "Kasema anayenyonyesha amalizie." Nilimalizia, kwa sababu maziwa yalikuwa yanakauka na mtoto alikuwa analia. Nilikula ugali ule nikijua kautoa kinywani mwake.

Majira ya baridi yalipofika, ukungu ukikaa bondeni mpaka saa nne asubuhi, akashikwa na kichomi. Sasa kikohozi kilikuwa cha kweli, kirefu, kinatoka kifuani na hakimwachi. Alikuwa amelala ndani, hawezi kunyanyuka. Lakini mimi huko jikoni, kila alipokohoa, mwili wangu ulinyanyuka wenyewe. Niliacha mwiko, nikavuta kanga, nikatafuta mahali pa kujificha. Kisha nakumbuka, narudi kukaa. Mara nyingine sikukaa. Nilibaki nimesimama tu, nikiitika kwa namna niliyoijua.

Alfajiri moja kikakoma. Mawifi walipiga kelele za msiba, watu wakaanza kuja, hata wale wa mapanga. Bwana shamba alikuja akisukuma baiskeli mpaka uwanjani, akavua kofia. Mama mkwe alinifuata jikoni nilikokuwa, akiwa na macho makavu.

"Nenda ukamwone," akasema. "Kwenu wanaruhusu?"

"Sijui, mama. Hili sikufundishwa."

"Basi nenda."

Walimlaza kwenye chumba cha mbele, wanawake wamekaa ukutani, mlango uko wazi. Nilimbeba mtoto mgongoni. Nikasimama kizingitini nikakohoa, kifupi, na wanawake wakaniangalia. Nikangoja kidogo kama yeye alivyozoea kuningoja, ndipo nikaingia na kuondoa kanga usoni. Alikuwa na nyusi za mwanangu.